Pikapu Inakaa Chini Nyuma? Soma Hii Kabla ya Kuongeza Pleti

Swali ni lile lile, magari tu ndiyo hubadilika. Mwenye Hilux wa Soko Mugdi anayepeleka unga na sukari Dadaab. Mwenye Land Cruiser anayeuza maji Balambala wakati wa kiangazi. Kijana wa D-Max anayetoa mbuzi Modogashe na kuwaleta soko la mifugo la Garissa. Wote wanauliza: "Gari linakaa chini nyuma nikipakia. Niongeze pleti ngapi?"

Huenda huhitaji kuongeza hata moja. Pikapu nyingi zinazolala nyuma hazijapungukiwa na pleti, zina pleti zilizochoka. Nyingine springi zake ni nzima kabisa, ila zimebebeshwa mzigo ambao hakuna springi itakayouokoa, kwa sababu kitakachovunjika si springi. Kabla hujampa fundi pesa, jua gari lako liko kundi gani.

Springi haiongezi tani

Hili limewaponza wengi, kwa hiyo tulimalize mapema. Kazi ya springi ni kushikilia mzigo na kumeza mitikisiko. Kiasi ambacho gari linaweza kubeba kinaamuliwa na vitu vingine: ekseli ya nyuma na beringi zake, tairi, breki na chesisi. Ukifunga springi ngumu gari litasimama sawa, litapendeza, nawe utaamini kwamba limepata nafasi. Hapo ndipo tani moja inapogeuka moja na nusu.

Kwenye Hilux na D-Max, shafti ya nyuma inazungusha gurudumu na papo hapo inabeba uzito wa gari. Shafti ikikatika, gurudumu linaweza kutoka nayo. Land Cruiser 79 imeundwa tofauti: uzito unakaa juu ya nyumba ya ekseli, shafti inazungusha tu. Hiyo ni sababu moja kubwa ya 79 kutawala njia za Mandera na Liboi. Mwenye Hilux asijipime kwa jirani mwenye 79.

Tafuta bamba au kibandiko kwenye nguzo ya mlango, au kitabu cha gari, usome uzito wa juu unaoruhusiwa. Pikapu nyingi za aina hizi hubeba takriban tani moja. Tani hiyo ni pamoja na wewe, turniboi, bampa ya chuma, keria na tairi la pili la akiba.

Jua kilo zako

Huku kwetu tunapima kwa macho: imejaa au haijajaa. Macho hudanganya, hasa kwa maji na saruji. Vipimo vya kukumbuka:

- Maji lita 1,000 ni tani 1 kamili, kabla ya kuhesabu tangi lenyewe.
- Saruji mifuko 20 ya kilo 50 ni tani 1, ingawa haijafika hata nusu ya bodi.
- Unga wa mahindi, bela ya pakiti 12 za kilo 2, ni kilo 24. Bela 40 ni kilo 960.
- Pipa la dizeli la lita 200 lina mafuta ya karibu kilo 170, kisha ongeza chuma cha pipa.
- Mbuzi 25 wa kilo 35 hadi 40 ni kati ya kilo 875 na 1,000. Nao hawatulii: gari likikata kona, wote wanahamia upande mmoja.
- Watu watano wa kilo 70 ni kilo 350. Wakikaa juu ya mzigo, bado ni mzigo, tena ulio hatarini.

Ukipata mizani ya ghala la nafaka au ya mnunuzi mkubwa wa vyuma chakavu, pima gari likiwa tupu na tangi la mafuta limejaa. Kisha lipakie mzigo wako wa kawaida upime tena gari zima, halafu magurudumu ya nyuma peke yake. Namba ya nyuma ndiyo itakayokushtua.

Kuna wanaojitetea kwamba mizani ya Juja haiwasumbui. Ni kweli, mizani za KeNHA zinalenga magari ya tani 3.5 kwenda juu, na pikapu nyingi hupita bila kuulizwa. Lakini polisi wa trafiki wana macho, na ajali ikitokea kampuni ya bima itataka kujua ulibeba nini. Usiipe sababu ya kukataa kulipa.

Chukua futi, ingia chini ya gari

Kazi hii haihitaji fundi. Inahitaji futi ya kupimia, brashi ya chuma, tochi na mkeka.

1. Simamisha gari tupu mahali tambarare. Pima kutoka katikati ya gurudumu la nyuma hadi ukingo wa bodi ulio juu yake, kulia na kushoto. Zikipishana zaidi ya sentimita 2, kuna upande uliochoka au uliopasuka.
2. Pakia mzigo wako wa kawaida, upime tena. Angalia raba iliyo kati ya chesisi na ekseli. Ikiwa inagusa gari likiwa limesimama tu, basi barabarani kila shimo linapiga chesisi moja kwa moja.
3. Tazama umbo la springi. Gari tupu linapaswa kuwa na springi iliyopinda kama upinde. Ikiwa imenyooka bila mzigo, imechoka. Ikipinda kinyume ukipakia, imekwisha.
4. Sugua kwa brashi karibu na senta bolti, kandokando ya yubolti na karibu na jicho la pleti kubwa. Mpasuko huanzia huko. Unaonekana kama uzi mwembamba wa kutu nyekundu uliokatiza pleti, na vumbi la Dadaab huuficha vizuri sana.
5. Ingiza chuma kati ya sheko na springi, ukitikise. Bushi zilizoliwa huifanya nyuma ya gari iyumbe, na wengi hudhani ni springi.
6. Tazama nafasi kati ya kabini na bodi. Ikiwa juu ni pana kuliko chini, chesisi imeanza kukunjika. Acha kila kitu kingine, shughulikia hilo kwanza.

Ukikuta pleti moja imepasuka au springi zimenyooka, usiongeze kitu juu yake. Rudisha springi nzima kama zilivyotoka kiwandani, pande zote mbili, pamoja na bushi na yubolti mpya. Wengi wanaofanya hivyo hugundua gari limesimama vizuri na hawahitaji nyongeza.

Njia zilizopo, na nani inamfaa

*Helpa.* Hii ni springi ya ziada inayokaa juu ya springi za kawaida na kugusa mzigo ukizidi tu. Gari likiwa tupu, haifanyi kazi. Kwa mtu anayekwenda Dadaab amejaa na kurudi mtupu, ndiyo njia ninayoipendekeza kwanza. Anayebeba mbuzi siku ya soko tu, naye pia.

*Kuongeza pleti.* Gari linakuwa gumu muda wote, tupu au limejaa. Inamfaa anayebeba mzigo karibu kila safari: muuza maji, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, gari lenye tangi lililofungwa humohumo.

*Seti nzima ya springi ngumu.* Zinauzwa kulingana na uzito wa kudumu uliokusudiwa, kwa mfano kilo 300 au 500. Ni ghali, lakini pleti zake zimepangwa kufanya kazi pamoja. Usichukue ya kilo 500 kwa sababu ni "kubwa". Bila mzigo itarukaruka hadi ujute.

*Mifuko ya hewa.* Inapendeza kwenye lami ya Nairobi, kupitia Mwingi hadi Garissa. Kwa barabara za vumbi za huku nina wasiwasi nayo. Springi ya kawaida inashika chesisi sehemu mbili, mbele na nyuma. Mfuko unaisukuma sehemu moja tu, juu ya ekseli. Mzigo ukining'inia nyuma na gari likaanguka kwenye laga, chesisi inakunjwa hapo hapo. Tena miba yetu unaijua.

Mwenye Probox: gari lako lina koili nyuma, si pleti. Usimruhusu mtu alichomelee pleti. Tafuta koili ngumu zaidi zinazolingana, na upunguze mzigo.

Ukiamua kuongeza pleti

Hapa ndipo makosa mengi hufanyika, kwa hiyo simama karibu na fundi.

Anza na moja kila upande. Ikishindwa, ongeza ya pili, kisha simama hapo. Kila pleti inayoongezwa inafanya springi iwe ngumu zaidi kuliko unavyotarajia, hasa ikiwa nene. Pleti nene maradufu haiongezi ugumu mara mbili. Inaongeza mara nane. Ndiyo maana kipande cha pleti ya lori kilichokatwa na kuingizwa kwenye Hilux huwa msumeno: hakipindi, kwa hiyo pleti kubwa inalazimika kupinda pembeni yake tu, na inakatikia hapo.

Hakikisha haya:

- Pleti mpya ina upana sawa na zilizopo na unene unaokaribiana nazo.
- Ni ndefu, ikiingia karibu na pleti kubwa, na pleti zinapungua urefu kwa ngazi hadi chini. Kipande kifupi kinene kilichowekwa chini kabisa hakisaidii sana.
- Upinde wake unafanana na wa wenzake kabla ya kufungwa. Ukibaki mwanya mkubwa katikati, yubolti zitaubana kwa nguvu, na pleti hiyo itaishi kwa dhiki.
- Senta bolti ni mpya na ndefu ya kutosha. Kichwa chake kinaingia vizuri kwenye tundu la ekseli.
- Yubolti ni mpya. Zikishakazwa mara moja huwa zimevutika kidogo, na zilizotumika hazikai tena. Zikazwe kwa mkingamo, kidogo kidogo zote nne, si moja hadi mwisho.
- Nati za sheko na bushi zikazwe mwisho, gari likiwa chini kwa magurudumu yake. Zikikazwa likiwa juu ya jeki, bushi zinajipinda na kuchanika mapema.

Gari likishuka chini, tazama sheko. Springi ikibebeshwa mzigo hunyooka, ikawa ndefu na kusukuma sheko upande wa nyuma. Kwa hiyo gari likiwa tupu sheko isiwe imelala nyuma hadi mwisho, wala isiwe imepinduka kuelekea mbele. Ikiwa imepinduka, upinde umezidi, rudisha.

Mambo ya kukataa gereji

Mafundi wa jua kali wa Garissa wanajua magari haya kuliko wengi wa mjini. Lakini haraka ya mteja huwafanya wakubali mambo ambayo wenyewe wasingeyafanya kwenye gari lao. Kataa haya:

- Kuchomelea pleti iliyopasuka. Chuma cha springi kikipigwa weldingi huwa kigumu na chepesi kuvunjika kandokando ya ule mchomo. Itakatika tena, mara nyingi ukiwa mbali.
- Kupasha pleti moto kwenye makaa na kuikunja upya bila kuirudishia ugumu wake. Itapendeza leo. Baada ya wiki chache za mzigo italala tena. Fundi asiye na namna ya kuipoza kwenye mafuta na kuipasha tena kwa kiasi hana springi ya kukuuzia.
- Kutoboa pleti ili kupitisha bolti. Kila tundu ni mwanzo wa mpasuko.
- Kuweka kipande cha chuma au mbao kati ya springi na ekseli. Nyuma inapanda, nguvu haiongezeki hata kidogo, na propela inabadilika pembe hadi krosi zianze kulia.
- Kufunga vipande vya tairi kuukuu juu ya ekseli mahali pa raba. Mgongano wote unaishia kwenye chesisi.
- Kuongeza upande mmoja tu kwa sababu tangi liko upande huo. Hamisha tangi.

Vitu vinavyosahaulika: shoki, breki, taa, tairi

Shoki hazibebi mzigo. Hilo halimaanishi uzisahau: springi ngumu hurudi juu kwa nguvu zaidi, na shoki iliyochoka haiwezi kuizuia. Kwenye yale mawimbi kama ya bati ya sehemu za vumbi za barabara ya Dadaab, shoki huchemka, mafuta yake yanatoa povu, na gari linaanza kuteleza nyuma. Zikishakuwa moto hazishikiki, simama zipoe. Ukinunua mpya, hakikisha urefu wake unalingana na kimo kipya cha gari. Shoki fupi itavutwa hadi mwisho na kung'oka.

Breki ndizo zenye siri kubwa. Hilux nyingi za zamani zina vali iliyounganishwa kwa kifimbo na ekseli ya nyuma. Nyuma ikishuka kwa mzigo, kifimbo kinaiambia vali iongeze breki za nyuma. Ukiinua nyuma kwa pleti bila kurekebisha kifimbo, vali inadhani gari ni tupu hata ukibeba tani. Breki za nyuma zinabaki dhaifu na za mbele zinafanya kazi yote. Mwambie fundi akuonyeshe kile kifimbo kabla hajafunga na baada ya kufunga.

Taa: baada ya kazi, simama mbele ya ukuta usiku, gari likiwa limepakiwa, uzishushe au uzipandishe. Madereva wa mabasi wanaokutana nawe kati ya Mwingi na Garissa watakushukuru.

Tairi zina namba ya uzito pembeni, baada ya vipimo vyake. 104 ni kilo 900 kwa tairi moja, 109 ni kilo 1,030, 112 ni kilo 1,120, 121 ni kilo 1,450. Zidisha mara mbili, ulinganishe na uzito wa ekseli ya nyuma uliopima. Tairi za gari dogo zilizovalishwa pikapu hazifai hata springi ziwe za dhahabu. Pima upepo asubuhi kabla jua halijawaka, na ukipunguza upepo kwa ajili ya mchanga, ujaze tena kabla ya kurudi kwenye lami. Lami ya mchana wa Machi, mzigo na tairi laini ndio mlipuko unaosikika kila siku.

Kupakia ni nusu ya kazi

- Vizito viegemee kabini: saruji, maji, mapipa. Vyepesi vikae nyuma.
- Uzito mwingi uwe mbele ya ekseli ya nyuma. Kila kinachoning'inia nyuma yake kinafanya kazi ya wenzo dhidi ya chesisi na kupunguza uzito wa usukani.
- Tangi la maji lijae kabisa au liwe tupu. Maji ya nusu tangi yanapiga mbele na nyuma kila ukishika breki.
- Fungia mlango wa nyuma. Ukiuacha wazi ili kuongeza urefu, umejiongezea wenzo.

Wabeba miraa wana kisa chao. Mzigo wao ni mwepesi kuliko saruji, lakini mwendo ni wa kufa au kupona, na kwa kasi hiyo shimo dogo linapiga springi kama mzigo mara kadhaa. Wazee wanakumbuka Peugeot 504 zilivyokuwa zikibebeshwa kutoka Maua. Ushauri wangu kwao si wa springi, ni wa mguu wa kulia, na najua hautasikilizwa.

"Lakini jirani yangu hubeba tani mbili miaka yote"

Huenda. Muulize amebadilisha beringi mara ngapi, au kama chesisi haijachomelewa nyuma ya kabini. Chuma kinachochoka hakitoi taarifa. Kinafanya kazi hadi siku kinapoacha. Kama biashara yako ni tani mbili kila siku, pikapu hailipi: unachobakisha kwenye nauli unakilipa kwenye vipuri. Nunua kilori, au gawa safari.

"Fundi anasema pleti tatu ndiyo dawa"

Kwa gari linalorudi tupu, pleti tatu ni ugonjwa. Nyuma haitapinda, tairi zitaruka kwenye mawimbi, breki hazitashika, na pleti kubwa itakatikia karibu na jicho wakati gari likiwa halina hata gunia. Mteja wa mbuzi naye atalalamika, kwa sababu mnyama hufika amevunjika mguu.

Baada ya kufunga

- Baada ya kilomita 100 za kwanza, kaza yubolti. Rudia zikifika 500 hadi 1,000. Yubolti iliyolegea inakata senta bolti, ekseli inahama, na gari linatembea upande. Ukiona alama za tairi za nyuma hazifuati za mbele kwenye mchanga, simama.
- Usimwage oili chafu kwenye pleti ili ziache kulia. Inakamata mchanga, ikawa msasa, tena inakula bushi.
- Ukipita kwenye maji mengi, mfano yale yaliyofunika barabara ya Kona Punda, kati ya Madogo na Garissa, wakati wa mafuriko ya Novemba 2023, osha matope kwenye springi na ukague oili ya difu. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Imwage kabla hujasafiri tena.
- Kila mwaka, kabla ya ukaguzi wa NTSA, rudia lile zoezi la futi na tochi. Andika vipimo, ulinganishe na vya mwaka uliopita.

Ikikatika porini

Beba senta bolti mbili, yubolti mbili, kipande cha mti mgumu, mnyororo na jeki yenye ubao wa kuwekea chini, maana jeki kwenye mchanga huzama.

1. Shusha mzigo, wote au karibu wote.
2. Inua chesisi, si ekseli, hadi nafasi ionekane.
3. Ingiza mti kati ya ekseli na chesisi upande uliokatika, uufunge usitoke.
4. Ikiwa pleti kubwa ndiyo iliyokatika upande wa mbele, ekseli inaweza kurudi nyuma. Ifunge kwa mnyororo kuelekea henga ya mbele, uukaze. Hakikisha bomba la breki halibanwi wala halivutwi.
5. Tembea polepole, kilomita 20 kwa saa, hadi mji ulio karibu: Modogashe, Habaswein, Dadaab. Usipakie tena mzigo ulioushusha. Mwache turniboi na maji ya kutosha aulinde, au utafute gari jingine liuchukue.